Kilichotoka Chupani

9 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha kamba, chai pembeni imepoa kwa sababu umeisahau tena. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, mpaka naona haya. Baba alipita juzi kutusalimia. Alikagua vyumba vyetu viwili kama mpangaji anayetafuta kasoro, akagundua dirisha la jikoni linavujisha maji, akaondoka ameridhika kabisa. Unamjua mdogo wako.

Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu niolewe. Ndiyo, nahesabu! Tunaishi juu ya karakana, kwa hiyo asubuhi, kabla sijafumbua macho, nasikia tupa ya mume wangu huko chini, kri, kri, kri, inakwangua pete ya mtu, na mimi nalala nikiisikiliza kama mtoto anayebembelezwa. Mchana anapanda ngazi kuja kula, vumbi la dhahabu limemkaa kwenye nyusi. Namfuta kwa kitambaa chenye maji. Na je, unajua kile kitambaa hakifuliwi? Kinawekwa kwenye kopo pamoja na vingine, na vikijaa vinachomwa ili dhahabu itoke. Shangazi, nimeolewa na mtu ambaye hata jasho lake halitupwi!

Na anapima. Anapima kila kitu. Ana mizani ndogo ya dijitali, inakaa mfukoni kama simu. Kabla hajanivisha pete aliipima, akaandika kwenye kikaratasi: 3.26. Kikaratasi ninacho kwenye pochi. Nakisoma kila siku, na ni namba tu.

Sasa nije kwenye jambo langu. Manukato yangu ya Asubuhi, yale uliyonichanganyia nilipomaliza kidato cha nne, yamebaki chini kabisa ya chupa. Ujue ni kwa hayo mume wangu alinifahamu. Nilipita mbele ya karakana, akatoka na tupa mkononi kuangalia ni nani amepita na harufu ya siku njema (maneno yake mwenyewe). Naomba uniandikie unachanganya nini na kwa kipimo gani, nijichanganyie mwenyewe nisikusumbue.

Ile chupa kubwa uliyonitumia kwa ajili ya harusi ipo kabatini, nimeifunga kitambaa. Naitunza sana.

Akupendaye mno,
Kapua wako


2 Februari

Kapua,

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika, na kwa furaha iliyomo ningeiminya ingetoa sukari. Magoti yangu yanaendelea na kazi yao ya kulalamika. Jirani yangu fundi cherehani anakusalimu, anasema vazi ulilolifunga kiunoni siku ya harusi lilikuwa limegeuzwa nje ndani na hakuna aliyemwambia bibi harusi. Usijali. Nimemwambia bwana harusi hakuwa anatazama mshono.

Mkwe wangu msalimie. Mwambie mume anayepima kila kitu siku moja atapima chumvi kwenye mboga, na siku hiyo asije kwangu kushtaki.

Kuhusu kipimo, sina. Nimechanganya manukato miaka thelathini na moja kwenye kichumba hiki chini ya ngazi na sijawahi kuwa na mizani. Mkono unatia, pua inasema tosha. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha hakuacha daftari, aliacha pua yangu. Wewe mwenyewe nilikuita Kapua kwa sababu ulikuwa unatambaa chini ya meza kunusa vizibo. Kipimo cha karatasi ni kwa watu wa keki.

Halafu nieleze. Una chupa kubwa nzima kabatini, imefungwa kitambaa kama maiti, na bado unanililia Asubuhi imekwisha? Hujaniambia hata mara moja ilinukiaje.

Huku biashara ni ya kawaida. Mwalimu wa hesabu, mteja wangu wa miaka yote, amerudisha chupa, eti si ile aliyoizoea. Wiki iliyopita mwingine naye. Watu siku hizi pua zimewaharibika kwa moshi wa magari.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi yangu, ua la babu,

Shikamoo! Hatujambo, dirisha bado linavuja, tumeweka bakuli, na matone yakidondoka mume wangu ananiambia sikiliza, wanatupigia ngoma.

Nina habari kubwa. Nimepewa zawadi yangu ya kwanza ya ndoa na si mkufu! Nilimwambia mume wangu, Sonara wangu, kwamba nataka kujifunza kuchanganya manukato, akafunga karakana Jumamosi nzima, tukaenda mkono kwa mkono kwenye duka la vipimo kuninunulia mizani yangu mwenyewe. Nilidhani ni kuingia, kulipa na kutoka. Wapi! Nilikuwa nimeshachagua moja nzuri ya rangi ya fedha, imeandikwa gramu mia tano. Akanivuta pembeni.

"Mke wangu, unataka kupima viazi?"

"Si ni kubwa zaidi?"

"Inabeba kingi, ndiyo, lakini haioni kidogo. Hiyo inaona moja ya kumi ya gramu. Tone lako la mafuta ni dogo kuliko hapo. Litapita mbele yake kama mtu asiyejulikana."

Basi tukatafuta ile inayobeba gramu mia mbili tu, lakini inaona moja ya mia ya gramu. Zilikuwepo tatu za namna hiyo. Akatoa sarafu mfukoni. Aliipima ile sarafu katikati ya kisahani, kisha pembe zote nne, kisha akaitoa na kuirudisha mara kumi, na muuzaji amesimama anaangalia saa. Ya kwanza ilisema hivi katikati na vile pembeni. "Hii haina msimamo," akasema. Ya pili ilikuwa inapepesuka namba ya mwisho hata haijaguswa. Ya tatu ilirudia namba ileile, ileile, ileile, mara kumi, na Sonara akaniangalia mimi, si mizani, akasema, "Kitu kizuri ni kile kinachokwambia jambo lilelile leo na kesho." Shangazi, nilitaka kulia mbele ya muuzaji.

Ina kifuniko cha kukinga upepo na jiwe lake la gramu mia la kuirekebishia. Inaingia kwenye kiganja. Nimelala nayo chini ya mto.

Kwa hiyo sasa kipimo kitakuwa na kazi. Tafadhali, hata kwa kukisia. Ile ya harusini ilikuwa na nguvu, shangazi. Nguvu nzuri.

Kapua wako wa daima


18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ya Februari ilifika? Baba anasema u mzima, amekuona, lakini hukumwambia chochote cha kuniambia. Hilo si lako. Wewe hata salamu zako huwa na mkia.

Najua kilichokukasirisha. Nimeandika "nguvu nzuri". Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba harufu haina nguvu nzuri, ina kutosha au kuzidi.

Basi nakuambia. Nilipofungua ile chupa asubuhi ya harusi, ilitoka karafuu peke yake. Waridi halikuwepo, chungwa halikuwepo, ilikuwa karafuu kama ya kutibu jino. Nilikaa kitandani nikaifunga. Ile ya zamani nayo sikutaka kuipaka, niliona ni kama kukusema nyuma ya mgongo. Kwa hiyo siku ya harusi yangu sikupaka kitu. Nilinukia sabuni ya kufulia na hofu.

Ukanikumbatia mlangoni. Ukaweka pua yako shingoni mwangu kama unavyofanya tangu utoto wangu, ukavuta pumzi ndefu, ukasema, "Asubuhi yenyewe hii."

Nimekaa na sentensi hiyo miezi mitatu katikati ya furaha yangu yote. Tangu lini, shangazi?

Kapua


11 Aprili

Kapua,

Marahaba. Ni mzima wa mwili. Simu umepiga mara nne, nimeziona. Simu ni ya kuitana. Ya kuambiana yanataka karatasi, maana karatasi haikuangalii usoni.

Tangu ile homa ya mwaka jana. Nilipona, nikaamka, nikabandika maziwa, nikasimama palepale mbele yake nayatazama. Fundi cherehani aliingia mbio na maji. "Dada, unaunguza nyumba!" Sufuria ilikuwa nyeusi, na mimi nilikuwa naona moshi nikidhani ni mvuke. Daktari alinichungulia puani kwa kurunzi, akasema huenda pua ikarudi, huenda isirudi. Ndiyo dawa niliyopewa, huenda.

Sikumwambia mtu. Nilidhani mkono utatosha. Lakini mkono uliozoea kuambiwa tosha, usipoambiwa hausimami. Natia, nanusa, hakuna, naongeza. Nanusa, hakuna, naongeza. Ndivyo ulivyopata karafuu ya jino. Ndivyo mwalimu wa hesabu alivyopata yake. Amekuwa mpole mno, alisema labda ni yeye.

Siku ile mlangoni sikusikia kitu. Niliona tu uso wako na nikasema kile ambacho uso wako ulipaswa kunukia.

Nimekubaliana na fundi cherehani. Mwisho wa Juni namkabidhi ufunguo wa kichumba, anataka kuweka cherehani ya pili. Vichupa nitampa baba yako aweke misumari. Kwa hiyo usiniombe kipimo tena. Si kwamba nakunyima, bali kilikaa sehemu mbili, na moja imekufa.

Usinionee huruma. Nikiiona kwenye barua ijayo naifunga bila kuisoma.

Shangazi yako


19 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sina huruma hata chembe. Nina hasira! Kuninyima habari hiyo mwaka mzima! Nilipomaliza kusoma nilishuka ngazi nikiwa na upande mmoja wa ndala, Sonara akaacha pete kwenye moto nusura iyeyuke. Nikamsomea yote. Akazima moto kwanza. Kisha akasema, "Amesema sehemu mbili, moja imekufa. Hiyo nyingine je?"

Ndiyo sababu ya kifurushi hiki. Kifungue taratibu. Ndani ya soksi ya mume wangu (safi!) kuna mizani yangu.

Sikiliza mpango. Ulipokuwa mzima, ulichanganya Asubuhi huku unapiga soga, huangalii hata chupa. Nakumbuka miguu yako tu kutoka chini ya meza, na sauti yako ikimcheka mtu. Mkono ulikuwa unajua. Kinachouharibu sasa ni ile kunusa na kuongeza. Kwa hiyo usinuse. Ziba pua kwa pamba ikibidi. Mwite fundi cherehani aje na umbea, changanya kama zamani, na mizani iangalie mkono wako badala ya pua.

Sonara anaelekeza, namwandikia anavyosema. Meza iwe imenyooka, isitikisike. Fungia upepo, hata pumzi yako inaonekana kwenye namba ya mwisho. Iwashe uiache kidogo ipate joto la chumba. Weka lile jiwe la gramu mia kwanza uone inasema 100.00. Usilishike kwa vidole, mafuta ya vidole yana uzito, tumia kitambaa. Weka kichupa kitupu, bonyeza kitufe cha kushoto, itasema sifuri. Tia mafuta ya kwanza, subiri namba itulie, andika. Bonyeza tena, sifuri, tia ya pili. Basi hivyo mpaka mwisho.

Ni zawadi yangu ya kwanza ya ndoa, kwa hiyo usiiangushe. Hapana, iangushe ukitaka. Niandikie tu namba.

Ufunguo bado ni wako mpaka mwisho wa Juni.

Kapua


8 Mei

Kapua,

Marahaba. Soksi ya mkwe wangu ina tundu la kidole gumba. Nimeiziba, nitaituma. Msiseme mnapendana huku mnaacha vidole nje.

Mizani yenu tumeifungua mimi na fundi cherehani kama watu wanaofungua bomu. Kabla ya yote yeye akapima kidole chake. Halafu pini. Halafu akataka kujua pete yake ina gramu ngapi, akakuta ni nyepesi, akaigeuzageuza mpaka chai.

Mara ya kwanza sikuweza, mkono ulikuwa unajiona. Mara ya pili nilisahau kubonyeza kitufe. Mara ya tatu fundi cherehani akaanza kunisimulia mteja wake aliyemletea suruali ya mumewe apunguze kiuno, wiki ileile mume naye akaleta gauni la mkewe liongezwe, kila mmoja kwa siri. Nilicheka mpaka machozi, na nilipofuta machozi nikakuta nimeshamaliza waridi. Mkono ulikwenda wenyewe, Kapua. Nilikuwa nimeusahau.

Andika. Chungwa 4.12. Waridi 2.05. Karafuu 0.18. Karafuu ni hiyo tu! Nimeitazama namba hiyo nikaona aibu kwa ajili ya harusi yako.

Sandali 0.00.

Umesoma sawasawa. Sandali ndiyo inayowashika wote hao wasitawanyike, bila sandali chungwa linaondoka kabla hujafika mlangoni. Haimiminwi. Natia tone, nasubiri lizame, natia lingine, kama nilivyofundishwa. Nilitia polepole kama siku zote, nikaangalia, mashine ikasema sifuri. Nikarudia kesho yake. Sifuri. Siku ya tatu nikatia nusu tone zaidi ya kawaida, sifuri.

Fundi cherehani anasema labda miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri tu na hakuna kilichokuwa kinatoka. Alikuwa anatania. Lakini nimekaa nalo.

Sandali iliyobaki haifiki unene wa kidole, ni ya mara moja tu. Sitaichezea. Nimekupa nilichokuwa nacho, na kwenye kile kilichokuwa moyo wake mashine imeandika hakuna kitu. Nadhani ndivyo ilivyo. Ufunguo nitautoa tarehe ileile.

Shangazi yako


15 Mei

Shangazi, shangazi, shangazi!

Shikamoo, na usimpe mtu ufunguo!

Nimempa Sonara barua yako juu ya ngazi, akasoma "sandali 0.00", akacheka. Nilimkasirikia mara ya kwanza tangu tuoane. Nilimwambia, unamcheka shangazi yangu? Akasema, "Hapana, nacheka mizani. Imenifanyia hivyo mimi." Kisha akaketi kwenye kidato cha ngazi, akaniketisha, akanieleza akiwa ameshika mkono wangu, na nilielewa nusu kwa sababu ya ule mkono, kwa hiyo nilimwomba arudie.

Ni hivi. Hizi mizani ndogo zimetengenezwa zisitishwe na vitu vidogo. Zikiwa kwenye sifuri, kitu kidogo kikija polepole sana, zinadhani ni upepo, au meza imepumua. Zinajirudisha sifuri zenyewe kimyakimya. Ukimimina chungwa kwa mkupuo zinaliona. Ukitia matone machache ya karafuu haraka haraka, zinayaona. Lakini tone moja, ukasubiri, tone moja, ukasubiri, kila moja zinalifuta kabla lijalo halijafika. Yeye alipoteza namna hiyo chengachenga za dhahabu alizokuwa anadondosha kwa brashi, akaanza kujishuku mwenyewe kuwa mwizi!

Sifuri ile haikuwa yako, shangazi. Mizani haikuwa na subira ya kukungoja.

Na dawa yake ni hii, masonara wote wanaijua. Usipime kinachoingia. Chukua ile chupa ya sandali yenyewe, na mafuta yake na kizibo chake, iweke kwenye mizani kabla hujaanza. Andika namba. Iondoe, izime mizani kabisa, isikuharakishe. Tia matone yako polepole utakavyo, subiri kila tone lizame, ota ndoto kati ya tone na tone. Ukimaliza, funga kizibo kilekile, pima chupa tena. Kilichotoka chupani ndicho ulichotoa.

Sonara aliposema hivyo nilimwegemea. Ngazi ilikuwa na jua. Niliwaza watu wanaopenda polepole, tone kwa tone, na hakuna anayeona namba ikipanda, mpaka siku unapoinua chupa yao na kukuta imekuwa nyepesi.

Ni ya mara moja, umesema. Basi mara hiyo moja.

Kapua wako


6 Juni

Kapua,

Marahaba. Tulingoja siku isiyo na upepo. Fundi cherehani alisimamisha cherehani yake ili ukuta usitetemeke, akakaa nje ya mlango kuzuia wateja, akawaambia kuna mgonjwa.

Chupa ya sandali kabla, 61.47. Chupa baada, 60.83. Toa mwenyewe, wewe ndiye uliyepelekwa sekondari.

Mimi nilitoa mara tatu, na kila mara ilibaki kitu.

Nilitia nikiwa nimefumba macho. Kati ya matone niliwaza mambo mengi, mengine hayakuhusu.

Nakutumia kichupa nilichochanganya. Sijakinusa, hakuna faida. Kinuse wewe. Na safari hii, Kapua, usiniandikie "nguvu nzuri". Kama ni maji ya choo, andika maji ya choo. Nitajua ukinidanganya, unadanganya vibaya tangu mtoto.

Fundi cherehani ameniuliza tena kuhusu tarehe. Nimemwambia nangoja barua.

Shangazi yako


14 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Soksi imefika, asante, mume wangu anaivaa ile tu.

Kichupa kilifika saa nne asubuhi. Sikukifungua. Nilioga, nikafungua dirisha linalovuja, nikangoja chumba kisinukie kitu. Kisha nikatoa kizibo.

Shangazi, nilikuwa chini ya meza yako. Nilikuwa naiona miguu yako. Nilisikia unamcheka mtu. Sikulia hata kidogo, nililia sana.

Sikupaka. Nilikaa tu nimekishika. Tupa huko chini ikanyamaza. Kri, kri, halafu kimya. Nikasikia miguu kwenye ngazi, Sonara akasimama mlangoni na vumbi lake kwenye nyusi.

"Umetoka?" akauliza.

"Nimekaa hapahapa."

"Nilidhani umepita mbele ya karakana."

Sasa ukweli, kama ulivyotaka. Umeshika kalamu? Chungwa limezidi. Kidogo mno, mtu mwingine hatajua, lakini linatangulia mbele ya waridi kama mtoto anayekimbilia mlangoni wageni wakija. Nimechanganya kwa namba zako, kwa mafuta kidogo ya dukani na mizani ya mume wangu, nikalipunguza mara tatu. Tulia kwenye 3.90. Karafuu usiiguse. Sandali ni sitini na nne sehemu za mia na usithubutu kubadilisha hata tone. Mume wangu anamjua muuza mafuta, atanunua sandali yako, nitainusa kwanza mwenyewe, ikifaa naileta.

Umesema kipimo kilikaa sehemu mbili. Bado kinakaa sehemu mbili. Mkono uko huko. Pua iko hapa, ulinipa jina lake kabla sijajua kutembea. Changanya, nitumie, nitakuambia tosha. Mwalimu wa hesabu awe wa kwanza.

Na mizani yangu naiomba, kama umemaliza nayo. Ni zawadi yangu ya ndoa.

Kapua wako


27 Juni

Kapua,

Marahaba mwanangu. Baba yako anavuja pua kwa mafua, hajambo.

Chungwa limezidi, unaniambia mimi! Nimekaa siku mbili nimekasirika. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba siku zote ni pua iliyokuwa inalikatisha kabla mkono haujamaliza, na mkono hauna habari. Sandali yenu imefika, nimechanganya upya, chungwa nimetia 3.90. Mwalimu wa hesabu alipita jana. Alifungua, akafumba macho palepale barabarani, mpaka mtu wa baiskeli akampigia kengele. Alinunua mbili.

Mizani sirudishi. Mwambie mkwe wangu akununulie nyingine, na safari hii asimchoshe muuzaji.

Fundi cherehani alikuja leo kuchukua ufunguo kama tulivyopatana. Nilikuwa nao mezani, nikauweka kwenye kisahani, tukaukodolea macho sote wawili mpaka namba ikatulia. Gramu thelathini na moja nukta nne sifuri.

"Mzito," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni mzito kwake. Uko mfukoni mwangu.

Shangazi yako